Kamati ya Kumtafutia Samaki Wenzake

Katika nchi yetu hakuna mtu anayeishi peke yake. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji wa nchi nyingine asije akatudhania vibaya. Tunalala wengi chumba kimoja, tunasoma wengi dawati moja, na kule mahabusu, nilikowahi kumpelekea shemeji yangu chakula, watu hulala kwa ubavu na kugeuka wote kwa amri ya mmoja. Huo ndio umoja wetu, na Mtukufu Mlezi wa Taifa huusifu katika kila hotuba.

Kwa hiyo mtaielewa aibu iliyotupata siku balozi wa nchi moja rafiki, ya huko mashariki ya mbali, alipomletea Mtukufu zawadi ya samaki. Alikuwa samaki mdogo kama kidole, mwekundu, mapezi yake marefu yakimfuata nyuma kama shela la bibi harusi. Balozi alieleza kwamba anaitwa beta, na kwamba kwa kawaida hufugwa peke yake, maana akimwona wa jamii yake, au yeyote mwenye mapezi marefu na rangi kali kama zake, humshambulia mpaka mmoja afe. Mkalimani aliitafsiri sentensi hiyo kwa sauti ya chini sana. Mtukufu alitabasamu, lakini sisi tulio karibu naye tuliliona sikio lake la kushoto likichezacheza.

"Mheshimiwa Balozi," alisema, "huko kwenu sawa. Lakini samaki huyu akishavuka mpaka amekuwa raia wangu, na raia wangu hawakai mmoja mmoja kama wachawi. Atapewa wenzake, atakaa nao kwa amani, na wewe utaitwa uje ushuhudie."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mimi nilipiga kwa moyo mmoja kabisa, kwa sababu wakati huo mimba ya mke wangu ilikuwa inaendelea vizuri na sikuwa na ugomvi na kiumbe chochote cha majini.

*

Mji mkuu wetu uko mlimani, na wakati wa kipupwe ukungu huingia hadi ndani ya nyumba. Samaki wa Mtukufu alitoka nchi za joto. Maji yake sharti yawe vuguvugu mchana na usiku. Umeme wetu haukatiki, kama wapinzani wanavyodai. Umeme wetu hupumzika. Ikulu ina jenereta yake, ila hiyo ilikuwa na kazi ya kuimulika sanamu ya Mtukufu isije ikajikwaa gizani. Jenereta nyingine ya kutegemewa ilikuwa moja tu, ya Hospitali Kuu, iliyotia joto wadi ya watoto njiti, katika vile visanduku vya kioo ambavyo watu wetu huviita chupa. Ilichukuliwa asubuhi, kwa gwaride na tarumbeta, na Waziri wa Afya alitoa shukrani kwa niaba ya watoto.

Msidhani Mtukufu hana huruma. Alitangaza redioni kwamba samaki wakishakuwa wengi na wakapendana, watapashana joto wenyewe, kama raia wafanyavyo. Siku beta atakapokaa na mwenzake kwa amani mbele ya Balozi, jenereta itarudi hospitalini siku hiyo hiyo. Kamati ya Taifa ya Kumtafutia Samaki Wenzake ikaundwa. Mwenyekiti akawa Dakta Sospeter Mlamali, msomi wa madaraja, ambaye hajajenga daraja hata moja kwa kuwa mito yetu bado imo kwenye mpango. Mimi, Zakayo Kitundu, nikawa Katibu.

Kisha Siwema, mke wangu, akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike, uzito wake haufiki wa mkate mkubwa, na tukampa jina la marehemu mama yangu, Nyamizi. Sista Agripina, muuguzi wa wadi ile, aliniita pembeni.

"Baba Nyamizi, chupa tunazo, lakini chupa ya baridi haina faida. Umeme ukija tunamweka, ukipumzika tunamtoa, mama yake anamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Akipata joto lisilokatika, atakua. Asipopata, nisikudanganye."

"Unamaanisha nini, Sista?"

"Umeshanielewa. Eti wewe ndiye Katibu wa ile kamati ya samaki?"

"Ndiye mimi."

"Basi fanyeni haraka, baba. Nakuomba."

Tangu hapo nikawa mtu mwenye haja moja tu duniani. Nilitaka samaki yule apate mwenzake.

*

Dakta Mlamali alifungua kikao kwa hotuba. "Ndugu wajumbe, mchakato wa upatikanaji wa wenza shirikishi hauna budi kuzingatia uwakilishi, itifaki na taswira ya taifa." Niliuliza kama unaweza pia kuzingatia haraka. Akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka, na wajumbe wakaiandika methali hiyo utadhani ndiyo kwanza wanaisikia.

Uwakilishi ulikuwa hivi: kila mkoa ulete samaki, naye aje na barua ya mjumbe wa nyumba kumi kuthibitisha kwamba hana fujo mtaani kwao. Mkoa wa ziwani ulileta sato aliyelizidi tangi kwa mkia. Mkoa wa nyanda kavu, ambao haujaona maji tangu kampeni za uchaguzi, ulileta dagaa mkavu, naye akapokelewa kwa sababu ya usawa. Akatiwa tangini. Beta alimzunguka, akamsukuma kwa mdomo, akamwacha. Wajumbe wakakumbatiana, na mimi nikasimama tayari kukimbilia hospitalini. Mtukufu alipokuja kukagua, aliuliza kwa nini mwakilishi wa nyanda kavu haogelei.

"Anatafakari, Mtukufu," akajibu Mlamali.

Dagaa alitafakari hadi maji yakaanza kunuka, ikabidi arudishwe kwao kwa heshima zote.

Ikaja itifaki. Mlamali alisema huwezi kumpelekea mkubwa wageni waliovaa kaniki. Kwa hiyo kambare wadogo wa kahawia, wapole, wanaoshinda chini wakichokora mchanga bila kumtazama mtu usoni, waliambiwa warudi watakapopata mavazi. Walioruhusiwa ni wale wenye mikia mirefu na rangi za bendera. Niliwakumbusha wajumbe maneno ya Balozi kuhusu mapezi marefu na rangi kali. Mlamali akanieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba maneno ya mgeni ni maoni tu. Beta alipowaona alitanua mashavu, akatanua mapezi, na kabla ya chai ya saa nne vipande vya mikia vilikuwa vinaelea juu. Taarifa yetu kwa wananchi, niliyoiandika mwenyewe, ilisema wageni wamevua mavazi yao kwa hiari ili kutoa heshima.

Alasiri ile nilipita hospitalini. Siwema alikuwa amekaa kitandani, amefunikwa blanketi hadi shingoni, na Nyamizi ndani yake haonekani ila kofia ya sufu.

"Baba Nyamizi, leo mmepata?"

"Tuko kwenye mchakato, mama."

"Mchakato una joto?"

Mkononi nilikuwa na andazi la mkutanoni nililomwekea, nikampa.

Mjumbe mmoja aligundua kwamba tatizo ni uvivu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sisi tulikuwa tunawalisha wageni bila kuwafanyisha kazi. Fundi akachonga vijembe vidogo vya bati, vikashushwa tangini kwa uzi mbele ya Waziri wa Kilimo. Vikashika kutu, maji yakageuka rangi ya chai, na samaki wote walioletwa kulima wakafa juu ya majembe yao. Beta hakufa, kwani yeye hupanda juu akavuta hewa kwa mdomo kama sisi. Mtukufu aliposikia hayo alifurahi, akasema huo ndio uongozi.

Siku hiyo hiyo, wadini, nilimkuta mama wa kitanda cha dirishani amekaa bila mtoto kifuani. Aliitwa Mwasiti. Kwao ni mbali, barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na ndugu wa hapa mjini waliomzika mtoto walikuwa hawajapata njia ya kumrudisha mama kwao. Kanga yake ilikuwa bado imefungwa kifuani vile vile, kwa fundo lile lile la kubebea. Niliogopa. Mimi ni mtu wa taarifa na maneno ninayo mengi, lakini mbele ya kitanda kile nilikuwa na hofu tu, na nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

*

Mwenza alipatikana bila kamati kujua. Tulikuwa tumeagiza majani ya majini ili kuficha rangi ya maji, na katika majani yale alikuwamo konokono. Hakuwa na barua ya mjumbe wala mavazi. Alipanda kioo polepole, akila ukoko wa kijani, na beta alimfuata, akamgonga gonga, akaona hakuna mapezi ya kushindana nayo, akaenda zake. Siku zikapita. Kila asubuhi nilikimbia tangini na moyo mkononi, na kila asubuhi niliwakuta wote wawili wazima.

Mlamali aliandika kwamba konokono amepatikana kwa mbinu za kisayansi za kamati. Nilitia sahihi bila kusita. Angesema amemzaa yeye mwenyewe, bado ningetia sahihi. Balozi aliitwa. Lori lilisogezwa mlangoni pa Ikulu, jenereta ikapakiwa na kufungwa kamba, ikisubiri neno la Mtukufu. Sherehe ilitangazwa moja kwa moja redioni, na nilijua kule wadini redio ya Sista Agripina imewashwa na akina mama wote wanasikiliza. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia Siwema, "Leo." Alinishika mkono na kuuweka juu ya mgongo wa mtoto, nikausikia unapanda na kushuka.

Mtukufu alikaribia tangi. Wapiga picha walikuwa wamefunguliwa madirisha yote ili wapate mwanga. Alimsifu beta kwa uvumilivu, kisha akainama, uso wake karibu na kioo, amsalimie konokono.

Konokono akajivuta ndani na kufunga kifuniko.

Sikio la Mtukufu likaanza kucheza.

"Amenifungia mlango," alisema.

"Ameinama, Mtukufu," Mlamali alisema upesi. "Kwao ndiyo adabu."

"Nimeuona mlango, Dakta. Nimemsalimu, naye ameingia ndani kwake na kufunga. Hivi tangi ni la nani? Nani amempa kibali cha kujenga nyumba binafsi ndani ya tangi la umma?"

Mwanasheria Mkuu alithibitisha kwamba kibali hakipo. Konokono alitolewa kwa koleo na kuwekwa ndani ya ndoo, ambamo yumo hadi leo, kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Kisha Mtukufu alimgeukia Balozi na kumkaribisha chai, na nilipotazama nje niliwaona vijana wa lori wanafungua kamba. Nilijishika kwenye ukingo wa tangi, na kioo kilikuwa na joto zuri.

*

Hospitali Kuu iko chini tu ya kilima cha Ikulu. Watu walikuwa bado wanakunywa chai nilipomwona Siwema anaingia mlango mkubwa, mtoto amefungwa kifuani ndani ya kanga mbili, na walinzi nyuma yake wakicheka.

Walicheka kwa sababu Siwema ni Mgulo na Mtukufu ni Mdunda. Wagulo na Wadunda ni watani tangu babu zao walipochoka kupigania magadi. Mgulo anaweza kuingia kwa Mdunda bila kubisha, akamtukana mbele ya wakwe, na Mdunda hana ruhusa ya kukasirika. Anaweza hata kumnyang'anya kitu akipendacho, na mwenyewe atakipata tu akikikomboa kwa kile anachotakiwa. Mtukufu mwenyewe alishautangaza utani kuwa hazina ya taifa. Mlangoni Siwema alikuwa amewaambia walinzi kwamba amekuja kumzika mtani wake, amesikia kafa kwa ulafi, na mila ikawafunga mikono.

"Mdunda mla panya," alisema Siwema katikati ya ukumbi. "Kumbe hujafa. Na jeneza tumeshachonga, tena pana."

Mtukufu aliangua kicheko. Hakuna kitu anachokipenda mbele ya wageni kama utani. "Karibu, Mgulo mwizi wa kuku. Umekuja kuiba nini leo?"

"Hiki hapa."

Alichukua jagi la maji mezani, akalizamisha tangini, maji yakamlowesha mkono na kanga yote hadi kiunoni, na alipolitoa beta alikuwa ndani yake.

"Nimemchukua, mtani. Mkomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa jenereta ya watoto. Iko hapo nje kwenye lori."

Mkalimani alimnong'oneza Balozi, na Balozi akaweka kikombe chini. Nilimwona Mtukufu anatafuta hasira yake, na mila haimruhusu kuitoa. Kwa muda mfupi niliamini. Niliamini kabisa kwamba nchi yetu, pamoja na yote, ina mahali pamoja ambapo mkubwa akishikwa anashikika.

Mtukufu akacheka tena, taratibu zaidi.

"Mtani, mimi nawe tunadaiana utani sawasawa. Wewe umechukua changu," alisema, akamsogelea, "na mimi nachukua chako."

Akaingiza mikono ndani ya kanga na kumtoa Nyamizi. Siwema alikuwa ameshika jagi kwa mikono yote miwili, hakuwahi kumzuia. Mtoto aliinuliwa juu, na kofia na nepi tu, katika ukumbi wenye madirisha wazi na ukungu unaingia.

"Nimemchukua. Mkomboe."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wazee wa Kidunda waligonga fimbo chini, wakasema huo sasa ndio utani wa watu wazima. Nami, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulikuwa unacheka.

Wakasimama hivyo. Kwa mila, anayekomboa kwanza ndiye aliyeshindwa. Ndani ya jagi beta alianza kupoa na kukunja mapezi. Mikononi mwa Mtukufu, Nyamizi hakulia; njiti hawana nguvu ya kupoteza kwa kilio. Nyayo zake zilianza kugeuka rangi. Msaidizi alimletea Mtukufu kiti, akakaa, mtoto gotini, uso wake umejaa bashasha, kama mtu mwenye nafasi hadi magharibi.

"Mtani, samaki nitaletewa mwingine," alisema kwa sauti ambayo redio haikuipata. "Wewe je?"

Siwema alinitazama. "Baba Nyamizi, sema neno."

Mlamali alinitazama. Balozi alinitazama. Nilisema neno.

"Mrudishe samaki, mama. Baridi."

Siwema alimrudisha beta tangini. Hakumtupa, alimmimina polepole, maana samaki hakuwa amemkosea mtu. Mtukufu alimkabidhi mtoto wake, akamtuza kanga mpya yenye picha yake mwenyewe, na redio ikatangaza kwamba Mtukufu amemshinda mtani wake mbele ya ulimwengu. Mlamali akafunga kazi ya kamati palepale: sisi raia wote ndio wenza wa samaki, tunakaa naye kwa amani, ila hatuwezi kumpasha joto tukiwa nje ya tangi, hivyo jenereta itaendelea kubaki.

*

Tuliteremka kilima. Siwema alijaribu kumfunga Nyamizi kifuani, lakini kanga ilikuwa imelowa na yeye mwenyewe anatetemeka, meno yanagongana. Nikamtia mtoto ndani ya koti langu la ukatibu, nikakimbia naye. Sikuhisi kama nimebeba mtu.

Wadini akina mama walikuwa wamekaa wima vitandani, kila mmoja na wake kifuani. Redio ilikuwa imezimwa. Walikuwa wamesikia, lakini mtu akisikia redioni hubakiza kidogo cha kuuliza.

"Imekuja, baba?" mmoja aliuliza.

Nilifungua kinywa niseme kwamba suala hilo linafanyiwa kazi katika ngazi husika. Maneno yalikuwa tayari ulimini, nimeyasema maisha yangu yote.

"Haiji," nikasema.

Sista Agripina alimshika Nyamizi miguu kwa mgongo wa mkono, na uso wake ukabadilika. Alimtazama Siwema anavyotetemeka, akatazama chupa, taa yake imezima. "Mama yake hafai sasa hivi, atampoza zaidi. Baba, vua shati."

Nikavua. Kifua changu kilikuwa na jasho la kukimbia, na jasho lilikuwa limeshapoa. Sista akanigusa na kutikisa kichwa.

Mwasiti wa kitanda cha dirishani alikuwa amesimama kando yetu. Sikumwona alivyofika. Alikuwa anafungua lile fundo la kanga, fundo la kubebea, na vidole vyake vilihangaika nalo kwa kuwa lilikuwa halijafunguliwa tangu siku ile.

"Nipeni huyo," alisema. "Mimi kifua changu kina joto la bure."

Siwema alimtazama, akasogea, akamsaidia kufungua.